Mboga ile wewe haukule, utaiuzisha kwa mwenzako?

Mu Lubumbashi, bukari bila mboga ya majani si chakula cha kweli. Nyama inaweza kukosa juma nzima, samaki pia, lakini lengalenga, matembele ao sombe haikose. Na hiyo mboga haitoke mbali. Unga inaweza kutoka Zambia na kupitia Kasumbalesa; tomsoni inavuliwa mu bahari ya Namibia; kitunguu kinaweza kulala njiani siku tatu na kufika kizima. Lengalenga ikikatwa asubui, magaribi imelegea, kesho yake hakuna mutu anaiangalia. Kwa hiyo muji wetu unakula kile udongo wa karibu unatoa. Na udongo wa karibu na Lubumbashi ni udongo wa mukuba.

Hii habari ni juu ya mashamba madogo ya kandokando ya muji: bustani za Kafubu, za Naviundu, za mabonde ya komini Annexe, na vile vipande ambavyo watu wanalima nyuma ya nyumba. Watu wengi wanaisha kusikia kwamba mboga zetu ziko na sumu ya madini. Wengine wanasema ni maneno ya redio tu. Wengine wanaogopa mpaka wanapunguza mboga kwa sahani ya watoto, na hiyo pia ni hatari, tutaona sababu gani. Kwanza tueleze namna ile sumu inaingia mu jani, nini inaweza kuipunguza na nini haisaidie kitu. Kisha tuguse ulizo ile watu wanazungumuza kwa sauti ya chini: kama mulimaji anajua maji yake ni mabaya, ana haki ya kuuzisha?

Siku ya bustani

Bustani inaamuka mbele ya muji. Kukingali giza, mulimaji anashuka na arozwari mbili ku mto ao ku kisima, anapanda nazo, anarudia, mara makumi. Wakati wa jua, kuanzia mwezi wa tano mpaka karibu mwezi wa kumi, inaomba kunyweshea mara mbili kwa siku, asubui na magaribi, sababu ku mbingu hakuna hata tone. Na ndiyo wakati mboga inalipa muzuri. Wakati wa mvua kila nyumba iko na lengalenga nyuma ya choo na bei inaanguka. Wakati wa jua, mwenye kuwa karibu na maji ndiye anauzisha. Ushike neno hilo: faida ya mulimaji mudogo iko mu maji, na kwetu maji ndiyo inaleta shida.

Lengalenga ni mboga ya mbio. Majuma matatu, mane ao matano kisha kupanda, unaanza kukata, na ukikata vizuri inarudi. Hakuna mmea mwingine unarudisha feza haraka namna hiyo. Mama wa soko anakuja mpaka shambani, anaangalia tuta lingali limesimama, wanabishana bei, anakata yeye mwenyewe, anafunga mafungu, anajaza beseni. Ile feza inaingia siku ile ile. Haingoje mavuno ya mahindi, haingoje mwisho wa mwezi. Masomo ya primere ya serikali ni bure tangu 2019, lakini minerval ya sekondari ingali, na nyumba nyingi za kandokando ya muji zinailipa fungu kwa fungu, jani kwa jani.

Kuna pia kuku, bata, mbuzi wawili watatu, pengine nguruwe. Wao wanakula mabaki ya mboga, wanatoa mbolea, mbolea inarudi ku matuta. Shamba dogo ni nyumba moja, kila kitu kinakula ku mwenzake. Na ndiyo maana kitu kibaya kikiingia pa mulango mumoja, kinazunguka nyumba yote.

Kisha kukata, mbele ya kupandisha beseni ku kichwa, mboga inaoshwa mu mto. Si juu ya busafi kweli, ni juu ya kungaa. Fungu lenye maji linaonekana bichi, linavuta macho ya muuzaji na munyunuzi. Mu mabonde fulani ule mto wa kuoshea ndio ule unapitia pembeni ya kiwanda. Tunaosha mboga na kile tunataka kuitosha.

Walya mukuba

Wazee wetu walikuwa na jina kwa watu wa kuyeyusha mukuba mu tanuru za udongo, mbele ya wazungu kufika: walya mukuba, ni kusema wenye kula shaba. Ilikuwa jina la heshima. Walikula shaba sawa vile mwalimu anakula chaki: kazi iliwalisha. Leo jina limekuwa la kweli kwa namna ambayo hakuna mutu aliomba.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906. Lubumbashi ilizaliwa mu 1910 kwa jina la Élisabethville, na mu 1911 tanuru ya hapa ilitosha shaba yake ya kwanza. Kisha serikali ilikamata kampuni, na mwisho ikakuwa Gécamines. Kwa makumi ya miaka ile shimine ya Gécamines ilitosha moshi wenye vumbi ya metali. Upepo wa hapa kwetu mara mingi unatoka kusini-mashariki, basi moshi ulilala upande wa kaskazini-magaribi, juu ya kartie Gécamines na Penga Penga. Mwenye kupita Penga Penga anaona: nafasi kubwa ambapo miti ilikufa na udongo umebakia uchi. Watafiti wa fakilte ya agronomi ya UNILU wamejaribu kuufunika na majani madogo magumu yanaitwa Microchloa kunthii, sababu yanavumilia shaba, ili angalau vumbi isiruke. Ni kazi nzuri, lakini ni kufunika, haiko kutosha.

Hapo kuna jambo ambalo wengi wanakosea. Wanasema shimine haitoe tena moshi kama zamani, basi mambo imeisha. Hapana. Ganda la ndizi ukilitupa linaoza. Sabuni inayeyuka. Metali haioze, haiishe, haizeeke. Ile ilianguka wakati wa babu ingali pale, sentimetre chache chini ya jembe. Na juu ya ile ya zamani tunaongeza mupya: makampuni ya kusafisha shaba na kobalti, madepo ya wachimbaji, malori yenye kupita bila kufunikwa, maji ya viwanda yenye kuingia mu mito.

Sasa, namna gani inafika mu sahani? Kuna milango mitatu.

Wa kwanza ni vumbi. Inaanguka ku jani na kushikamana, zaidi ku majani yenye mikunjo ao yenye manyoya. Risasi, ile metali ya mu batri ya motokari, inapenda mulango huu; mizizi haiipandishe sana, lakini vumbi inaileta moja kwa moja ku jani.

Wa pili ni maji. Unanyweshea mara mbili kwa siku, miezi mitano. Hata kama mu arozwari moja kuna kidogo sana, hesabu mara ngapi inamwangwa pa tuta moja. Mto unakuwa kama gari ya kubeba metali kutoka kiwandani mpaka pa mizizi ya mboga yako, bila kulipisha usafiri.

Wa tatu ni mizizi yenyewe. Mmea haujue kuchagua vizuri. Unatafuta zinki, ambayo unahitaji, na kadimiumu inafanana nayo, inaingia pamoja nayo. Hapa lengalenga, mupenzi wetu sisi wote, ni mwenye kosa mukubwa: ni mmea wenye kunywa kadimiumu kwa urahisi na kuiweka mu majani. Na majani ndiyo tunakula. Kobalti na shaba pia zinapanda, zaidi kama udongo ni wa uchachu, na udongo wa Katanga kwa kawaida ni wa uchachu.

Si hofu ya bure. Mu 2009, watafiti wa UNILU pamoja na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao: walipima mukojo wa watu 351 wa Katanga. Wale wa kuishi chini ya kilometre 3 na migodi ao viwanda vya kuyeyusha walikuwa na metali mingi mu mwili kuliko wale wa mbali, na kobalti ilikuwa nyingi kuliko ile yote iliyokuwa imeandikwa mbele kwa raia wa kawaida popote duniani. Tusikie vizuri: raia wa kawaida, si wachimbaji tu. Mu 2014 kazi ingine ilifuata njia: kobalti inapitia wapi? Ilionyesha kwamba chakula cha hapa, zaidi mboga, kinabeba sehemu kubwa, na kwa watoto wadogo vumbi ambayo wanalamba ku vidole. Kati ya hizo mbili, mu 2013, wanaagronomi wa UNILU walipima mboga za majani zenye kuuzishwa mu masoko ya muji wetu, na walikuta zenye kupita kipimo.

Kipimo gani? Codex, ile sheria ya chakula ya FAO na OMS, inasema mboga ya majani isipite miligramu 0.3 ya risasi kwa kilo moja, na 0.2 ya kadimiumu. Chukua gramu moja, igawanye mara elfu moja, kisha ukamate sehemu ndogo ya kipande kimoja. Hakuna ulimi unaweza kuonja hiyo. Hakuna jicho linaweza kuiona. Lengalenga ya udongo muchafu inaweza kuwa nzuri, kijani, yenye afya, kuliko ile ya udongo safi.

Mu mwili, shaba na zinki tunazihitaji kidogo. Risasi na kadimiumu hazina kazi yoyote ndani ya mutu. Risasi inaharibu ubongo wa mutoto angali anakomaa. Kadimiumu inajiweka mu figo na kukaa makumi ya miaka, na mwisho inalegeza mifupa. Haiue leo. Ndiyo sababu hakuna mutu anapiga kelele.

Na sasa tuseme juu ya wale wanaacha mboga. Mwili wenye kukosa chuma na kalsiumu unavuta risasi na kadimiumu kwa nguvu zaidi, sawa nyumba yenye njaa inafungua mulango kwa yeyote. Mutoto anakula bukari kavu bila mboga, bila maharagi, bila samaki wadogo, huyo ndiye metali inamupata kwanza. Kuacha mboga si dawa. Dawa ni kujua ile unakula inatoka wapi na kubadilisha-badilisha.

Nini inasaidia, nini haisaidie

Moto hausaidie. Hilo lazima kulirudilia sababu wamama wengi wanaamini kwamba ukipika sana unaua sumu. Mikrobe inakufa na moto. Metali haiko kitu cha uhai, haife. Sombe ukiitwanga na kuipika masaa matatu, unatosha ile sumu yake ya asili, na ni lazima kufanya vile. Lakini metali inabakia mu chungu.

Kuosha kunasaidia, kwa sehemu. Kunatosha vumbi, na kwa risasi hiyo ni kitu kikubwa. Osha jani moja moja mu maji safi, mara mbili ao tatu, na kumwanga maji ya kwanza mbali na chakula. Maji yasiwe ya mto ule ule. Kile kiko ndani ya jani hakitoke.

Kwa mulimaji, dawa ya bei ndogo ni kupunguza uchachu wa udongo. Chokaa inafanya hiyo kazi: udongo ukiacha uchachu, shaba, kobalti na kadimiumu zinajifunga ku udongo na mizizi inakosa namna ya kuzinywa. Mbolea ya kuku iliyooza vizuri nayo inashika shaba. Tena kuna kitu cha hapa kwetu ambacho wazee walijua bila labo: udongo wa kichuguu, ile milima mikubwa ya muchwa yenye kusimama mu mashamba yote ya Katanga. Watafiti wa UNILU waliichunguza na kukuta kwamba mingi iko na chokaa ndani, na udongo wake una uchachu mudogo kuliko wa pembeni. Kuvunja kichuguu na kumwanga pa shamba ni desturi nzuri. Lakini muchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana. Kama kichuguu kinasimama juu ya nafasi yenye shaba, utakuwa umepandisha shaba na kuimwanga na mukono wako. Ukamate cha mbali na migodi.

Kingine ni kuchagua mmea. Metali inapenda kubakia mu mizizi na majani, haipende kufika mu tunda na mbegu. Kwa hiyo pa tuta lenye mashaka, tomati, gombo, maharagi ao mahindi ni salama kuliko lengalenga, matembele na shu. Mihogo na viazi, menya ganda kwa unene na kulitupa. Panda majani mbali na barabara ya malori, na uweke ukingo wa matete ao miti kati yako na vumbi. Funika udongo na nyasi kavu ili mvua isirushie matope ku majani. Kama unaweza kuchimba kisima mbali na bonde la mto, hiyo inapita yote.

Kuku pia. Kuku anakula akichakura, na kila mara anachakura anameza udongo. Risasi inatoka ku udongo, inaingia mu yai. Kama uko kartie ya vumbi mbaya, fungia kuku ndani ya lupango penye mutu ameweka udongo wa kutoka mbali, na uwape chakula mu sahani, si chini.

Tuta la nyumbani na tuta la soko

Tumefika pa ulizo yetu, na hapa mwandishi ataacha kujificha.

Kuna walimaji wanafanya matuta mawili. Moja dogo, karibu na nyumba, linanyweshewa maji ya kisima: la watoto. Ingine kubwa, pa bonde, linanyweshewa mto: la soko. Ukiuliza, utapata majibu mengi. Kisima hakina maji ya kutosha kwa shamba lote. Wote wanafanya vile. Mboga ya mwenzangu si safi kuliko yangu. Nikiacha, mwingine atakamata nafasi yangu pa mto kesho asubui. Na mwisho: nani alinipima? Nani alinionyesha kwenye karatasi kwamba mboga yangu ni mbaya?

Hakuna hata jibu moja hapo ambalo ni uongo. Lakini mwenye kutenga tuta la watoto wake anaisha kujijibu. Hakuhitaji labo. Alipima na akili yake, na kile alikuta aliuzisha kwa watoto wa wengine. Mimi ninaona mupaka uko hapo. Mwenye hajui hana kosa. Mwenye anajua na anakula ile ile anauzisha, huyo tuko naye mu shida moja. Mwenye anajua, anajilinda, kisha ananyamaza mbele ya kiliya wake wa kila siku, yule anamuongezea matabishi na kumuita mama mukwe, huyo kuna kitu amevunja.

Ni rahisi kusema hivyo mbele ya mikro. Basi tufanye hesabu yake. Ukimuambia aache lengalenga na kupanda tomati pa tuta la bonde, unamuambia angoje miezi tatu pahali pa majuma mane. Tomati inaomba dawa, inaomba miti ya kusimamisha, inakufa na ugonjwa wakati wa mvua. Mu ile miezi tatu nani atalipa minerval? Nani atanunua unga? Ukimuambia aseme ukweli mu soko, mama wa pembeni yake atasema mboga yake yeye inatoka mbali, huko kwenye hewa safi, na atauzisha yote mbele ya saa sita. Mu soko Kenya, mu soko Mzee, hakuna mutu anapima fungu la lengalenga. Mwenye kusema ukweli analipa, mwenye kudanganya anapata. Soko ya namna hiyo inafundisha watu wema kunyamaza.

Kuna wamama wamepata njia ya katikati, na inafaa kuitangaza. Wanabakisha bonde kwa mahindi, gombo na maharagi. Lengalenga wanaileta juu, pa udongo wa kichuguu, tuta chache tu, na wanauzisha kwa viliya wenye kujua na kukubali kuongeza feza kidogo. Haijaze mufuko. Lakini hiyo njia inaomba kitu kwa munyunuzi pia. Sisi wa muji tunabishana faranka mia moja ku fungu, tunakamata fungu lenye kungaa zaidi, na hatuulize hata mara moja: mama, hii inatoka mto gani? Tungeuliza, na tungelipa kwa jibu nzuri, mambo ingebadilika mbio kuliko na semina yoyote.

Hata vile, tusimwangie wamama wa arozwari yote. Si wao walijenga shimine. Si wao wanafungulia maji ya asidi usiku. Mu mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 2025, maji machafu kutoka beseni ya kampuni CDM, Congo Dongfang International Mining, yaliingia mu kartie Moïse, Kasapa na Kamatete, mu komini Annexe, mu njia, mu nyumba na mu mashamba. Waziri wa madini Louis Watum alifunga kazi za ile kampuni kwa miezi tatu. Mulimaji mwenye tuta pa ile bonde hakufanya uchaguzi wowote wa haki ao wa kukosa haki siku ile. Maji yalichagua kwa nafasi yake.

Na hapa kuna sheria ambayo walimaji wengi hawaijue. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, ile ilibadilisha kodi ya madini, iko na artikle 285 bis. Inasema mwenye haki ya kuchimba lazima alipe hasara ambayo kazi zake zimeleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe kwa upande wake. Ni kusema haikuombe kuonyesha kwamba kampuni ilifanya kwa kusudi, wala kwamba walilala kazini. Inakuomba kuonyesha hasara na kwamba ilitoka kwao. Ile ile sheria inaomba kampuni iweke asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Visima vya bustani vinaweza kutoka humo, kama kamati ya wakaaji inaviomba kwa maandishi mbele ya zile feza kuisha ku vitu vingine.

Shida ya walimaji ni ya karatasi. Maji yanapita usiku, lengalenga inaungua, asubui watu wanaingoa kwa hasira na kupanda mupya, na wiki moja kisha hakuna alama. Mwanasheria akifika, anakuta shamba kijani. Kwa hiyo, kama inakupata, usiingoe mbele ya kuita watu. Kamata picha, na ndani ya picha kuwe kitu kinaonyesha nafasi: nguzo ya SNEL, daraja, ukuta wa kiwanda. Muite chef de kartie na agronome wa komini waje waone na kuandika. Jaza chupa mbili za maji safi za plastiki, moja na maji ya pale hasara iko, ingine na maji ya juu, mbele ya mto kupita kiwanda, uandike ku kila moja nafasi na saa, uzifunge. Udongo nao: nafasi tano mbalimbali za shamba, sentimetre 20 chini, uchanganye, kilo moja inatosha. Ombeni kama kikundi, si mutu mumoja mumoja, sababu kupima kunalipishwa na kikundi kinaweza kuchanga: fakilte ya agronomi ya UNILU iko Kasapa, na OCC iko na labo yake hapa mujini. Kopi ya barua iende kwa Agence Congolaise de l'Environnement na kwa Divisheni ya mazingira ya jimbo, na kila barua irudi na muhuri wa kupokea.

Na mbele ya hayo yote, nunua kaye ya masomo, moja tu. Kila juma andika ndani yake: matuta ngapi, mmea gani, maji ya wapi, mafungu ngapi umeuzisha, bei gani siku ile. Siku ya kudai hasara, hiyo kaye ndiyo ya kwanza wataomba.